Kuiandaa kompyuta ya ofisini iliyotumika ili iendeshe Cyberpunk 2077

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwa bei nafuu katika miji yetu ni zile zilizotumika kwanza katika ofisi za ng'ambo, na majina yake ni yaleyale kutoka duka hadi duka: HP EliteDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara zisizo na makuu, lakini waliozitengeneza walikuwa wakifikiria barua, hesabu na chapa, si michezo. Mwongozo huu unahusu mashine za aina hiyo, hasa HP EliteDesk 800 G2 na Dell OptiPlex 7040, ambazo zote hutumia prosesa za Intel za kizazi cha 6 kilichotoka mwaka 2015, na unaeleza namna ya kuzifikisha mahali ambapo zinaweza kuendesha Cyberpunk 2077 bila aibu. Nimeuchagua mchezo huo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba masharti yake yanaangukia hasa kwenye ukingo wa uwezo wa mashine hizi, kwa hiyo anayefaulu kuuendesha ataendesha pia michezo mingi mingine. Ya pili ni kwamba ni mchezo wa mtu mmoja, na ukishapakuliwa hauhitaji intaneti ya kasi ili kuchezwa, jambo ambalo sote tunajua thamani yake.

Mchezo huu wa kampuni ya CD Projekt Red ya Poland ulitoka Desemba 2020, na wakati huo masharti ya chini yaliridhika na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na diski ya kawaida ya kuzunguka (hard disk). Septemba 2023 lilikuja toleo la 2.0, na masharti yakapandishwa. Sasa kiwango cha chini ni prosesa ya Core i7-6700 au Ryzen 5 1600, RAM ya GB 12, kadi ya picha ya GeForce GTX 1060 yenye GB 6 au Radeon RX 580 yenye GB 8, na nafasi ya GB 70 kwenye SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka. Kiwango hicho kinakusudiwa kutoa fremu 30 kwa sekunde kwenye monita ya 1080p, huku mipangilio ya picha ikiwa ya chini kabisa. Ninasisitiza tarehe kwa sababu video nyingi za mafunzo zilirekodiwa kabla ya mabadiliko hayo, na mtu anayezifuata leo atanunua vifaa vilivyofaa mwaka 2021. Soma masharti kwenye ukurasa wa duka la mchezo wenyewe, siku ileile unayokusudia kununua.

Kuijua mashine iliyo mbele yako

Kabla ya kutoa shilingi mfukoni, fahamu kilichomo ndani ya kasha. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na Task Manager itafunguka. Katika sehemu ya Performance utaona jina la prosesa, kiasi cha RAM, idadi ya sloti za RAM zilizojaa na zilizo tupu, na aina ya diski. Ukitaka maelezo ya ndani zaidi, programu ya bure ya CPU-Z itakuonyesha jina la mathabodi (bodi kuu ya mashine) na kama RAM ni ya kizazi cha DDR3 au DDR4. Andika yote kwenye karatasi, kwa sababu utakapokuwa umesimama dukani na muuzaji anakuhimiza, kumbukumbu ya kichwani haitoshi.

Kisha zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha na utazame mambo mawili ambayo programu haiwezi kukuambia. La kwanza ni kibandiko cha pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine), ambacho huandika jumla ya wati inazoweza kutoa. OptiPlex 7040 ya kasha kubwa huja na wati 240, na ile ya kasha dogo huja na wati 180. EliteDesk 800 G2 ya kasha dogo ina wati 200. La pili ni nafasi: pima kwa rula urefu kutoka nyuma ya kasha hadi kizuizi cha kwanza mbele ya sloti ndefu ya PCI Express, ambamo kadi ya picha huchomekwa, pima kimo cha mabati ya nyuma, na tazama kama kando ya sloti hiyo kuna pawa saplai au waya utakaozuia kadi yenye unene wa nafasi mbili.

Watu wengi huliruka jambo hili la pawa saplai, na mimi nilikuwa mmoja wao. Niliwahi kununua RX 580 iliyotumika kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye masharti ya mchezo, nikafika nayo nyumbani jioni, na nikagundua kwamba inahitaji waya wa umeme wenye pini nane ambao mashine yangu haikuwa nao hata kidogo. Muuzaji aliniambia kwamba kitu kikishatoka dukani hakirudi. Kadi ile ilikaa kabatini miezi minne. Tangu hapo huwa ninamwambia kila anayeniuliza kwamba kadi ya picha ndiyo inayochaguliwa mwisho, baada ya kasha na pawa saplai kutamka zinachoweza kubeba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sloti ya PCI Express hutoa wati 75 kwa kadi, na si zaidi. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo lazima ipate waya wake kutoka pawa saplai: waya wa pini sita huongeza wati 75, na wa pini nane huongeza 150. GTX 1060 hula takriban wati 120 na RX 580 hula 185, kwa hiyo zote mbili zinahitaji waya. Prosesa ya i7-6700 imekadiriwa wati 65. Ukijumlisha prosesa, kadi ya wati 70, na wati thelathini au arobaini za mathabodi, diski na feni, unapata kama wati 175, ambazo pawa saplai ya wati 240 inazibeba kwa utulivu. Ya wati 180 itakuwa inafanya kazi kwenye ukingo wake kila unapocheza, na mimi simshauri mtu afanye hivyo katika chumba chenye joto la Dar es Salaam au Mombasa.

Je, pawa saplai haibadilishiki? Katika kasha kubwa inawezekana, ila HP na Dell hutumia viunganishi vyao wenyewe vinavyotofautiana na vya kawaida, kwa hiyo utahitaji waya maalumu wa kugeuza, na matundu ya skrubu yanaweza yasilingane. Katika kasha dogo hata umbo la pawa saplai ni la kipekee. Kuna pia waya za bei rahisi zinazogeuza kiunganishi cha diski cha SATA kuwa cha pini sita kwa ajili ya kadi ya picha. Usizitumie. Kiunganishi cha SATA kimebuniwa kubeba takriban wati 54 kwenye njia yake ya volti 12, nawe unakiomba kibebe 75. Plastiki yake huyeyuka, na kuna waliounguza mashine nzima kwa njia hiyo.

RAM na diski

Mashine hizi mbili hutumia RAM ya DDR4 yenye umbo refu la kompyuta ya mezani, si lile fupi la kompyuta mpakato. Mchezo unataka GB 12, lakini ni bora kuweka vipande viwili vya GB 8 kila kimoja kuliko kuunganisha cha 8 na cha 4, kwa kuwa vipande viwili vinavyofanana huiwezesha prosesa kusoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja katika kumbukumbu yote, na tofauti hiyo huonekana hasa pale mchezo unapoingia sokoni penye watu wengi. Prosesa ya kizazi hiki husoma DDR4 kwa kasi ya 2133, hivyo hakuna haja ya kulipia zaidi kwa ajili ya RAM ya 3200; ukiipata kwa bei ileile itafanya kazi, ila itashuka hadi kasi ya mashine. Rangi za sloti kwenye mathabodi ndizo mwongozo wa kwanza: kwa kawaida vipande viwili huwekwa katika sloti zenye rangi moja, na mchoro ulio upande wa ndani wa kifuniko, ukiwepo, huonyesha ni zipi zinazotangulia.

Kuhusu diski sina maneno mengi. Diski ya kuzunguka husoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde, SSD ya SATA hufika takriban 550, na NVMe, yaani SSD za aina yenye kasi zaidi, za kizazi cha PCI Express 3.0 hukaribia 3500. Kwa mchezo huu hatua kubwa ni ile ya kwanza, kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote; hatua ya pili utaifurahia zaidi unapowasha Windows. Mathabodi za mashine hizi zina sloti ya M.2, ambamo NVMe huchomekwa, kwa hiyo ikiwa bei zinakaribiana chukua NVMe ya GB 500 au zaidi, kwa sababu Windows, mchezo na nafasi ya kupumua haviingii vizuri katika GB 240.

Kuna mtego mmoja kwa wenye Dell. Katika BIOS yake (programu ya mathabodi inayofanya kazi kabla ya Windows kuwaka), kipengele cha SATA Operation mara nyingi huwa kimewekwa RAID On, na hapo programu ya kusakinisha Windows inaweza isiione kabisa SSD mpya ya NVMe, ukadhani umeuziwa kitu kibovu. Kibadilishe kiwe AHCI kabla ya kusakinisha Windows upya. Lakini ikiwa unakusudia kuendelea na Windows ya zamani iliyokuwemo, usikiguse kienyeji, kwa maana Windows iliyosakinishwa katika hali ya RAID mara nyingi hukataa kuwaka ikikutana ghafla na AHCI.

Kuchagua kadi ya picha

Hapa ndipo penye fedha nyingi na udanganyifu mwingi. Kwa mwenye pawa saplai ya kiwandani isiyo na waya wa ziada, jibu langu ni GeForce RTX 3050 yenye GB 6, iliyotoka Februari 2024. Hula wati 70 tu, kwa hiyo matoleo yake ya kawaida hujitosheleza kwa umeme wa sloti. Uwezo wake unaizidi GTX 1060 iliyotajwa kwenye masharti. Na yako matoleo mafupi yanayoingia katika kasha dogo. Angalia kwa makini kwamba ni ya GB 6, kwa kuwa ile ya GB 8 iliyotangulia, japo ina jina lilelile, hula wati 130 na inahitaji waya wake. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo hakudanganyi kwa makusudi, lakini hasara ni yako.

GTX 1650, ambayo imejaa madukani na ambayo wengi huipendekeza kwa mashine za ofisi, pia hula wati 75, ila ina GB 4 za kumbukumbu, nazo ziko chini ya kiwango cha mchezo huu. Itauwasha na hata kuuchezesha, lakini picha za kuta na nyuso zitachelewa kujitokeza, na mchezo utashtuka kila unapoendesha gari kwa kasi kuvuka mji. Kwa mpenzi wa soka mambo ni tofauti: EA Sports FC 25 iliomba kadi ya GTX 1050 Ti na RAM ya GB 8 kama kiwango cha chini, kwa hiyo kwake yeye GTX 1650 ni kadi ya kutosha kabisa, na asikubali kuuziwa zaidi ya hapo. Intel Arc A380 imo katika orodha ya masharti ya Cyberpunk 2077 na bei yake huvutia, lakini kadi za Arc hutegemea uwezo uitwao Resizable BAR, unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, ili zifanye kazi ipasavyo, na mashine za kizazi cha 6 hazikujengwa nao. Radeon RX 6400 nayo hutumia njia nne tu za PCI Express, na ikiwekwa kwenye mathabodi ya 3.0 hupoteza sehemu ya nguvu zake, mbali na kwamba kumbukumbu yake ni GB 4.

Mwenye kasha kubwa ambaye amefaulu kuweka pawa saplai ya kawaida ya wati 450 au 500 ana uhuru wa kutafuta GTX 1060, GTX 1660 au RX 580 iliyotumika. Huyo ajue mambo haya. GTX 1060 ya GB 3 si ndugu pacha wa ile ya GB 6, kwa kuwa imepunguziwa hata viini vya kukokotoa, kutoka 1280 hadi 1152. Kuna RX 580 iliyoandikwa 2048SP, ambayo ina viini 2048 badala ya 2304. Kuna P106-100, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchimba sarafu za kidijitali, ambayo haina tundu hata moja la kuunganisha monita, na bado huuzwa kwa maneno matamu kwamba ni GTX 1060. Na kuna kadi za kughushi kabisa, ambamo chipu ya zamani sana kama GTS 450 imepachikwa programu inayoifanya ijitambulishe kama GTX 1050 Ti au zaidi ya hapo.

Dawa ya kadi ya kughushi ni programu ya bure ya GPU-Z. Iweke kwenye flashi kabla ya kwenda dukani, omba kadi ichomekwe kwenye mashine ya duka, na uifungue mbele ya muuzaji. Kadi za kughushi zinazofahamika huandikwa neno FAKE mbele ya jina lake. Ikisalimika hapo, linganisha idadi ya viini na ukubwa wa kumbukumbu inayoonyesha na ile ya kadi halisi. Kisha omba iachwe iendeshe mchezo wowote wenye picha nzito kwa dakika kumi na tano, ukisikiliza feni na kuangalia kama kuna madoa au mistari kwenye kioo. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Jambo moja dogo limewarudisha wengi dukani: kadi hizi mpya hazina tundu la VGA. Ikiwa monita yako ni ile ya ofisini yenye tundu la VGA tu, nunua pamoja na kadi kifaa cha kugeuza kutoka HDMI kwenda VGA, kile chenye chipu ndani yake, kwa sababu waya mtupu unaounganisha matundu hayo mawili haufanyi kazi.

Kufunga vifaa

Anza kwa kusasisha BIOS kutoka tovuti ya mtengenezaji, ukiwa na uhakika kwamba umeme hautakatika katikati ya kazi. Ukikatika hapo mathabodi inaweza isiamke tena, kwa hiyo mwenye UPS (betri inayoshika mashine umeme unapokatika) aitumie, na asiye nayo aazime. Nakili pia mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili kumaliza umeme uliobaki ndani. Fanya kazi juu ya meza tupu badala ya zulia, na kila baada ya muda gusa bati la kasha lisilopakwa rangi ili umeme tuli wa mwilini uondoke bila kupitia kwenye chipu. Piga picha ya ndani kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Ikiwa mashine imejaa vumbi, huu ndio wakati wa kulitoa: tumia brashi laini na kipulizio, ukizuia feni kwa kidole isizunguke. Katika miji ya pwani vumbi hilo huchanganyika na unyevu na chumvi ya bahari likawa kama ukoko, na hapo brashi kavu inahitaji subira.

RAM ndiyo rahisi kuliko vyote. Fungua vishikio vya pembeni, linganisha pengo lililo chini ya kipande na kigingi kilicho ndani ya sloti, kisha sukuma pande zote mbili kwa vidole gumba mpaka vishikio vijifunge vyenyewe na kutoa mlio. Pengo lisipolingana na kigingi, umeshika DDR ya kizazi kingine, usilazimishe. SSD ya M.2 huingizwa ikiwa imeinama kama nyuzi thelathini, kisha hulazwa na kufungwa kwa skrubu moja ndogo sana, ambayo mashine nyingi zilizotumika hazinayo tena. Iulizie dukani unaponunua SSD.

Kwa kadi ya picha, ondoa mabati ya nyuma yanayokabili sloti ndefu. Dell na HP huwa na mlango mdogo unaofunguka bila bisibisi. Shika kadi kwa kingo zake, iteremshe ikiwa imenyooka, na isukume kwa nguvu ya wastani mpaka kishikio cha mwisho wa sloti kibofye. Kadi ambayo haikuingia kikamilifu ndiyo sababu ya kawaida ya mashine kulia milio na kukataa kuwaka. Funga kasha, na uchomeke waya wa monita kwenye kadi, wala si kwenye tundu la zamani la mathabodi. Huenda unacheka, lakini nimeshaitwa nyumbani kwa mtu aliyecheza wiki nzima akilalamikia kadi yake mpya, kumbe waya ulikuwa bado uko palepale pa zamani na kadi ilikuwa imelala usingizi.

Windows ikiwaka, pakua draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, kutoka tovuti ya NVIDIA, AMD au Intel yenyewe. Ikiwa mashine ilikuwa na kadi ya kampuni nyingine, safisha draiva za zamani kwa programu ya DDU kabla ya kuweka mpya.

Prosesa

Nimeiweka nyuma kwa makusudi. Mashine nyingi za aina hii huuzwa zikiwa na i5-6500, ambayo ina viini vinne na nyuzi nne (threads, njia za kazi ambazo prosesa inaweza kuzifuata kwa wakati mmoja), ilhali i7-6700 ina viini vinne na nyuzi nane. Cyberpunk 2077 hujaza mji kwa watu na magari, na mzigo huo huiangukia prosesa, kwa hiyo nyuzi zile za ziada zina maana. Hata hivyo jaribu kwanza na uliyonayo. Cheza katikati ya mji huku Task Manager au programu ya vipimo ya HWiNFO ikiwa wazi: kadi ya picha ikiwa inafanya kazi kwa asilimia 95 na zaidi, prosesa haijakuzuia na fedha zako zibaki mfukoni; lakini prosesa ikiwa imegonga 100 huku kadi ikisuasua kwenye 60, ndipo utafute i7-6700 iliyotumika.

Usidanganywe na umbo la soketi. Prosesa za kizazi cha 8 na 9 hukaa kwenye soketi inayoitwa pia LGA 1151, lakini mathabodi za kizazi cha 6 hazizitambui. Unapobadilisha, futa pesti ya joto ya zamani (ile inayopitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye kipoza joto) kwa spiriti, weka tone jipya lenye ukubwa wa punje ya choroko katikati ya prosesa, na kaza skrubu za kipoza joto kwa kukingama, kidogokidogo, ili kisiegemee upande mmoja. Hata asiyebadilisha prosesa atanufaika kwa kubadilisha pesti hiyo, kwa kuwa ya mwaka 2015 imeshakauka ikawa kama chokaa.

Kujaribu na kurekebisha

Mchezo ukishapakuliwa, mahali pa kwanza pa kwenda ni kwenye mipangilio yake, ambamo kuna jaribio la ndani linaloendesha picha za mji na kukupa wastani wa fremu kwa sekunde. Anza na 1080p, mipangilio ya chini, na mionzi ya mwanga (ray tracing) ikiwa imezimwa. Mwenye RTX 3050 awashe DLSS kwa kiwango cha Quality. Wenye kadi nyingine watumie FSR. Teknolojia hizi huchora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili, nazo hurudisha fremu nyingi kwa gharama ya ukungu mdogo ambao macho huuzoea baada ya nusu saa. Kisha pandisha kipengele kimoja kimoja, ukianza na ubora wa michoro ya nyuso na kuta, ambao kwa kadi ya GB 6 haugharimu sana. Kipengele cha wingi wa watu, Crowd Density, kiache chini kama prosesa ni i5.

Kwa mashine ya namna hii, fremu 40 zisizoyumba ni bora kuliko 60 zinazoshuka hadi 25 kila unapokata kona, hivyo funga kikomo cha fremu kwenye mipangilio ya mchezo. Tazama joto pia. Prosesa ya i7-6700 hujipunguzia kasi inapokaribia nyuzijoto 100. Ikiwa inazidi 85 wakati wa kucheza, rudi kwenye pesti na vumbi, au sogeza kasha kutoka kwenye ile kabati ya meza isiyo na hewa.

Aliyenunua mchezo kupitia Steam ana siku 14 za kuomba kurudishiwa fedha, mradi hajacheza zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo ratibu mambo: funga vifaa kwanza, nunua mchezo baadaye, na saa ya kwanza itumie kwa majaribio. Ikiwa nyumbani mna kompyuta mbili, Steam huweza pia kuhamisha mchezo kutoka moja kwenda nyingine kupitia mtandao wa ndani, na GB 70 za bando hazitalipiwa mara mbili.

Umeme wa nyumbani nao ni sehemu ya mashine. UPS ya VA 650 hubeba takriban wati 360, ambazo zinatosha kompyuta hii na monita yake kwa dakika chache za kuhifadhi ulipofika na kuzima kwa utaratibu. Usichomeke humo spika kubwa wala pasi.

Lipo la Windows. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha 6 hazimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11. Mchezo wenyewe unaendelea kufanya kazi kwenye Windows 10, kwa hiyo mimi hutenganisha matumizi: mashine ya michezo haiguswi kwa miamala ya benki wala barua za kazi, na hayo hufanywa kwenye simu au kompyuta nyingine.

Vipande vilivyotolewa vina soko. RAM ya GB 4, prosesa ya i5 na hata diski ya kuzunguka hununuliwa na mafundi wanaotengeneza kompyuta za shule na vibanda vya uchapaji. Kabla ya kuiuza diski hiyo, ichomeke kama diski ya pili, hakikisha mafaili yako yote yameshahamishwa, kisha ifomati kwa njia kamili badala ya ile ya haraka. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, kwa hiyo iache iendelee usiku.